Waya Ulikatika Mlima Sekenke

Juzi nilipita Ikungi, nikaketi kwenye kijiwe cha bodaboda kusubiri jua lipungue. Kijana mmoja alikuwa anawasimulia wenzake habari za bwana mifugo wa zamani, bingwa wa kukimbiza pikipiki porini, ambaye mkoa mzima hakupatikana wa kumfikia. "Yule mzee mwamba," akasema, "tatizo lake pombe. Alishuka Sekenke kalewa chakari, akajimaliza." Wakacheka. Rafiki yangu, tangu niache shule nimezurura nchi hii, nimesikia uongo wa kila aina machimboni na minadani, na mwingi nimeufurahia. Huu uliniwasha kama upupu. Yule bingwa alikuwa jirani yetu.

Kwetu ni Mtinko. Jirani alisambaza chanjo za ng'ombe kwa pikipiki ya idara, na njia zetu ndizo zilizomfundisha. Kwenye mchanga alipunguza upepo wa matairi, akasimama juu ya vikanyagio, magoti kayakunja kama mtu anayetaka kuruka. Tulimsikia angali mbali, ule mlio wa pikipiki wa kukohoa, tukaacha mbuzi wajichunge. Jioni alikula kwetu ugali wa uwele na mlenda, mikono ikinuka petroli. Bibi alipopika mtukuru, pombe yetu ya mtama, kwa ajili ya waliokuja kumlimia, jirani aliomba maziwa mgando. "Huyu si mwanamume," bibi alisema, "huyu ni ndama." Jirani alicheka mpaka maziwa yakampanda puani.

Baada ya kula alitengeneza pikipiki. Waya wa breki ukianza kuachia, alizisuka upya nyuzi zake moja moja, akazipaka nta ya nyuki. Kwa waya wa namna hiyo alishinda kila shindano.

Kisha zikaja enzi za ruksa, biashara ikaachiwa huru. Sisi tuliozoea kupanga foleni kwa kipande cha sabuni tukaliona duka la mjini limejaa mpaka dari. Mwenye duka ndiye aliyeandaa shindano la sikukuu, kushuka mlima Sekenke. Jirani alinipakia tukaenda kujiandikisha. Yule tajiri akainama, akautazama ule waya, akapaza sauti watu wasikie: "Bwana mifugo! Mpaka leo unasuka breki kama bibi anayesuka ungo? Ruksa hii, ndugu yangu! Chukua mpya, zawadi, uvae na fulana ya duka langu." Watu wakaangua kicheko. Mtu asiyeogopa korongo wala jiwe aliogopa kicheko kile. Akauchukua. Bibi alipouona unavyong'aa alisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Tukamcheka na yeye.

Siku ya shindano tulisimama chini, kwenye kona ya mwisho. Alitokea peke yake, wenzake wakiwa vumbi tu huko juu. Akakamata breki. Waya ukakatika, niliuona ukichapa gurudumu. Mbele yake tulikuwa sisi watoto. Akaigeuza pikipiki, akaingia nayo kwenye mawe.

Vumbi halijatua, tajiri alikuwa ameshafika. Akaung'oa waya, akausokomeza mfukoni. "Kalewa huyu! Nimemwona asubuhi!" Jirani, mguu umepinda vibaya, akamshika mkono mwalimu wetu. "Mwalimu, ninuse mdomo."

Mwalimu akainama, akanusa. Akainuka, akamtazama tajiri, ambaye sukari yetu sote ilitoka dukani kwake, kisha akasema, "Mpandisheni kwenye gari." Basi.

Nilimuuliza darasani, "Mwalimu, mdomo wake ulinuka nini?" Nikachapwa. Nadhani shule ilinitoka siku ile. Bibi alifunga kanga kiunoni, akaenda dukani kugomba, akarudi na sukari. "Mjukuu wangu, duka ni hilo moja. Tutakula wapi?" Tukanywa chai. Ilikuwa tamu, na nina hasira nayo mpaka leo.

Sasa Sekenke ni lami. Duka lilishafungwa, bibi na mwalimu wamekwenda, na simjui mtu anayeweza kusuka waya. Wanatupa, wananunua mwingine. Kilichobaki kizima ni uongo.

Baada ya ajali ile idara iliichukua pikipiki ya jirani, ikampunguza kazini. Kwa miaka mingi alikaa mlangoni, mguu kaunyoosha, na kila aliyepita kumsalimia alimwambia, "Sogea, ninuse mdomo." Watu wakaanza kupitia njia ya nyuma. Siku moja akachukua gongo lake la kutembelea, akajikokota hadi kilabuni, akaomba kibuyu cha mtukuru. Nilikuwa nimesimama nje. Alikunywa kwa taabu, macho kayafumba, kama mtoto anayenyweshwa dawa chungu, pombe ikimmwagikia kifuani. Na wale waliokuwa kwenye benchi, waliomjua tangu ujana wake, wakagusana viwiko.

"Si tulisema?"