Bakuli la Sukari Katikati ya Ulimwengu

Mume ni mhadhiri wa falsafa, na kila asubuhi huupanga ulimwengu upya juu ya meza ya chai. Bakuli la sukari ndilo fahamu, kwa hiyo hukaa katikati. Vikombe ni viumbe, vijiko ni sheria, na makombo ya mkate, ambayo huyafagia kwa kiganja hadi upande wa mkewe, ni mambo madogo madogo. Sauti huishusha kama anayembembeleza mgonjwa. "Mama watoto, kitu lazima ukipokee kama ndiyo kwanza unakiona," humwambia, macho kayafumba. Mkewe hupokea makombo.

Jana mke alirudi kutoka saluni kichwa kimenyolewa chote, nywele zilizomfika mabegani kaziacha huko huko. Leo kaketi mbele ya mumewe, upara unang'aa, anangoja. Mume akafumbua macho, akamkazia, vidole vikasimama hewani.

"Mama watoto," akasema polepole, "kuna kitu kimebadilika hapa."

Moyo wa mke ukaruka.

"Bakuli limesogea."

Mke akalivuta kabisa hadi kwake, akalitua juu ya makombo.

"Limekuja kuangalia mambo madogo madogo," akasema, akakoroga chai yake.