Kitambi cha Mpanda Mlima

Enzi zetu pale Isongole, mtoto alipanda mlima kabla hajanywa chai. Tulitumwa kuni alfajiri, miguu peku, ukungu umetanda mpaka tunatambuana kwa kukohoa. Mfukoni kila mtu ana kiazi cha kuchoma cha jana, kigumu kama jiwe, lakini ukikipasha kwapani njia nzima kinalika. Kushuka tulikalia magamba ya migomba tukateleza kwenye nyasi, na sketi zilitoboka mahali ambapo mwalimu aliona haya kupataja. Mama alishona kiraka juu ya kiraka huku akiniuliza, "Hivi wewe makalio yako yana meno?"

Kwa hiyo tulishangaa wazee walipoamua kujenga sanamu njia panda ya sokoni, kuwaenzi watu wawili wa kwanza kufika kileleni. Sisi tulidhani mlima ni njia ya kwendea kuni tu. Kumbe zamani uliogopwa, watu wakiamini anayefika juu harudi. Mmoja wa hao wawili alikuwa baba yake Bibi Tusekile, bibi yangu mzaa baba. Bibi alikuwa mzee sana wakati ule na hakuwa na picha yoyote ya baba yake. Alitaka kumwona tena, hata kama ni wa saruji. "Mtu atakayesimama pale nitamjua au sitamjua," alisema. "Nisipomjua, siendi kwenye sherehe yenu."

Kazi alipewa fundi mjenzi wa vyoo na makaburi, kwa kuwa hatukuwa na mwingine. Sanamu ya mtu wa pili aliitengeneza kwa kumtazama mwalimu wetu wa hesabu, mwembamba kama ufagio, ikatoka vizuri. Kwa sanamu ya baba yake Bibi, fundi alitaka mtu wa ukoo. Wote walikuwa shambani. Aliyekuwa na nafasi ni baba mdogo Aswile, kitinda mimba wa Bibi, ambaye alikuwa na nafasi tangu azaliwe. Alisimama mbele ya fundi, mkono mmoja ukionyesha kileleni, mwingine umeshika ndizi mbivu. Fundi aliumba kila alichokiona. Ndizi aliiacha, kwa sababu iliisha.

Tatizo lilikuwa kitambi. Bibi alipopelekwa kuangalia, alizunguka sanamu polepole kwa mkongojo wake, akasimama mbele ya lile tumbo.

"Huyu alipanda mlima gani, wa ugali?"

"Mama, ni tumbo la kiukoo," baba mdogo alijitetea.

"Baba yangu alikufa hajui tumbo ni nini. Sitakuja."

Bibi aligoma kula, na baba mdogo, kwa aibu, akapunguza sahani akabakiwa na mbili. Fundi akachukua nyundo na patasi alipunguze lile tumbo. Alikuwa amebana saruji kwa kujaza nyasi kavu ndani, kwa hiyo alipogonga likafunguka tundu la kutosha kuingiza kichwa. Akasema ataliziba saruji ikifika kutoka Mlowo. Saruji haikufika. Siku ya sherehe ilipokaribia, akina mama wakazifunika sanamu kwa vitenge vya kutoka Malawi, na hakuna aliyechungulia tena ndani.

Mgeni rasmi, mkuu wa tarafa, alikuja na suti. Bibi alikuja pia, kwa kuwa mama alimwambia tumbo limekatwa. Tulipanga mstari tukaimba, kitenge kikavutwa. Katikati ya tumbo la mpanda mlima wetu alikuwa ameketi kuku wa jirani, anaatamia, akimtazama mgeni rasmi kama mtu aliyeingiliwa chumbani bila hodi. Kwaya ilikatika. Mwalimu wa hesabu alitazama chini. Mgeni rasmi akaikunja hotuba yake, akamgeukia Bibi aseme neno.

Bibi aliinama kwa shida, akashika miguu ya sanamu, vile vidole vipana vilivyoachana. Alivipapasa kimoja kimoja.

"Tumbo ni la mwanangu," akasema mwishowe, "lakini miguu hii ni ya baba. Nilikuwa namuosha tope." Kisha akafuta macho kwa khanga. "Na mjue hakupanda kutafuta sifa. Alikuwa anamfuata ng'ombe aliyepotea. Huyo kuku mwacheni aangue."

Watu walicheka mpaka suti ikacheka. Baba mdogo alilia wazi wazi, halafu akauliza chakula kinagawiwa wapi.

Siku hizi naishi Tunduma, na mwaka huu nimewapeleka wanangu Isongole wapande. Waliuliza kama juu kuna mtandao, na kama bodaboda inafika. Wakajipiga picha chini, mbele ya sanamu, wakiwa na viatu vya mlima vya bei mbaya, wakazituma, wakapongezwa na dunia nzima, tukarudi. Sikuwasema sana, maana magoti yangu nayo hayakutaka safari. Niliutazama tu mlima, ukungu ukiwa umeufunika vilevile, nikasikiliza kama kuna mtoto anakohoa huko juu. Hapakuwa na mtu. Siku hizi Isongole wanapikia gesi.