Wanawake Saba wa Mabawe na Mwalimu Wetu wa Karate

Alikuja kijijini kwetu Mabawe, karibu na mpaka, kutafuta kibarua, mtu mzima mwenye mvi na goti bovu, mkimbizi kutoka Burundi. Mama alimpa shamba la maharage apalilie. Yeye alisema Kirundi, sisi Kihangaza, lugha zinazokaribiana, tukaelewana vizuri tu. Ilichukua wiki kadhaa kujua kwamba kwao alikuwa mwalimu wa karate.

Miaka ile msitu wa karibu ulikuwa umebaki visiki, kwa kuni zetu na za kambi ya wakimbizi. Kuni tulizifuata mbali, na huko wanawake walikuwa wakivamiwa. Siku moja jirani yetu alirudi bila kuni na bila khanga. Wanaume walituonya tusiende huko. Hakuna aliyetuambia tupikie nini.

Mwalimu alipopata habari hiyo aliweka jembe chini, akamwomba mama ruhusa ya kutufundisha. Mama alikubali, kisha naye akakaza kitenge chake akajipanga pamoja nasi. Tulikuwa saba, kila Jumapili baada ya misa, kwenye uwanja wa kuanikia kahawa. Hakutufundisha kuruka wala kuvunja mbao. Mwezi mzima tulijifunza kusimama imara na kupiga kelele inayotoka tumboni. Ndipo akanishika mkono, akaniambia nijitoe. Nilivuta mpaka bega likauma.

"Usishindane na nguvu za aliyekushika," akasema. "Geuza mkono kuelekea kidole gumba chake. Hapo ndipo anapoachia."

Mwenyekiti wa kijiji akaniita. Alisema mkimbizi huyo anawafundisha wake za watu ukorofi, na tukiendelea atamripoti polisi. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba, lakini sikukaa kwenye kiti alichonionyesha.

"Mzee, tutaacha siku utakayotuletea kuni," nikamjibu.

Hatukuacha. Haukupita muda mrefu mwanamume mmoja akanikamata mkono kule porini. Niligeuza, nikachomoka, nikapiga kelele. Wenzangu sita wakaja mbio wakasimama kando yangu, na yule mtu akatokomea vichakani. Mzigo wangu wa kuni nilifika nao nyumbani. Kijiji kizima kilidhani mvamizi huyo alikuwa mkimbizi. Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikasema ni mtu wa hapahapa, namfahamu kwa sura, na nikamwonyesha pale alipokaa. Mwenyekiti hakuniita tena.

Mwalimu hakuwahi kula maharage aliyoyapalilia. Kuhara damu kulimuua kambini, na hakuwa na ndugu wa kumzika. Watu walituambia maziko ya mkimbizi hayatuhusu. Tulikwenda wote saba, kwa miguu. Mlinzi wa kambi alitaka kutuzuia. Mama akamwambia tumekuja kumzika mwalimu wetu, akaketi chini njiani, nasi tukaketi, mpaka akaturuhusu kupita. Kaburini tulijipanga mstari, tukainama kama alivyotufundisha. Sikulia. Nilikuwa na hasira kwamba mtu kama yule amewekewa kijiti tu, bila hata jina.

Sasa nina nywele nyeupe, na nafundisha wasichana wa shule. Wapo wazazi wanaolalamika kwamba nawaharibia mabinti, hawatapata wachumba. Nawaacha waseme. Kila mwanafunzi mpya namsimulia kwanza habari za aliyenifundisha, nikianza na kwamba alikuwa mkimbizi. Asiyetaka kusikia hilo hafundishwi nami.