Dume la Mjomba Maftah na Mbegu za Pamba

Mjomba wangu Maftah hakuwa mtu wa kukubali kosa. Ukimwonyesha kwamba amevaa kanzu nje ndani, atakuambia ndivyo alivyotaka. Nasema hivi kwa mapenzi, maana ndiye aliyenipokea nilipoachika, na nyumba yake ya Kalerwe, chini ya kilima cha Mulago, ndiyo iliyonisitiri miaka yote ile ya wanajeshi.

Kazi yake ilikuwa kondoo wa Idi. Babu yetu alikuja kutoka pwani na bidhaa, akaoa huku, akaanza biashara hiyo, na watoto wake wakaifuata. Kila mwaka malori yalileta madume wachanga kutoka Karamoja. Tuliwafunga uani, tukawalisha mbegu za pamba kutoka kiwandani miezi minne mitano mpaka migongo ikawa mipana, na Idi kubwa ikifika wakaenda kuchinjwa. Mjomba aliweza kumpapasa dume kiunoni gizani na kukuambia atatoa nyama kiasi gani. Kunenepesha tulijua sana. Kuzalisha hatukuwahi kujaribu.

Mwaka wa sabini na nne, siku tatu kabla ya Idi, wanajeshi walikuja wakachukua madume wote isipokuwa mmoja, aliyekuwa nyuma ya jikoni akiuguzwa kwato. Hawakulipa, na hakuna aliyewauliza. Malori ya Karamoja nayo yalikuwa yamekoma, kwa sababu kila kizuizi cha barabarani kilikula kondoo wake. Wiki moja baadaye Mjomba akasema tutazalisha wenyewe. Akanunua majike wanane kwa mama mmoja wa Ntinda aliyekuwa akihama, akawachanganya na yule dume mmoja. Wakizaa, biashara ya baba yake itaendelea. Wasipozaa, imekwisha.

Akampenda dume yule kama mtoto wa uzeeni. Mbegu za pamba alimpimia kwa mkono wake asubuhi na jioni, bakuli zima, mwezi baada ya mwezi. Dume akanona akang'aa, watu waliokwenda sokoni wakawa wanasimama kumtazama. Na alikuwa mchapakazi, siwezi kumsingizia. Alipanda majike bila kuchoka. Mimi ndiye niliyekata majani pembeni ya bwawa, na kila asubuhi nilitazama matumbo yao. Mwezi wa nane ulifika, hapakuwa na hata mmoja mwenye mimba.

"Majike hawa ni tasa," Mjomba akasema. "Yule mama aliniuzia tasa wanane."

Hapo nilikasirika kuliko alivyotegemea. Mimi niliachwa kwa neno hilohilo. Miaka sita nilikaa kwa mume, na siku ya kurudishwa nyumbani wazee walikaa barazani wakazungumza kwa upole kuhusu ubovu wangu, Mjomba akiwa mmoja wao, na hakuna aliyemgeukia mwanaume kumuuliza lolote.

"Mjomba, kwa yule mama walikuwa wakizaa," nikamwambia. "Uliwaona na watoto wao."

"Basi wamezeeka."

"Wote wanane, kwa siku moja?"

Akaniambia nikaangalie chungu kisiungue. Jioni alikwenda kuzungumza na Sadiq, mchinjaji wa pale sokoni, wakakubaliana awachukue majike wote mwezi wa kumi na mbili, watakapokuwa wameongeza nyama.

Nyuma ya ua wetu aliishi Alanyo, mke wa askari mmoja aitwaye Okeny. Walitoka kaskazini. Tangu madume wetu wachukuliwe, Mjomba hakuwa akiitikia salamu ya nyumba ile, ingawa Okeny hakuwa miongoni mwa waliokuja, na Mjomba alijua hivyo. Alanyo alikuja siku moja kuniomba mbolea ya kondoo kwa bustani yake ya mboga. Nilipokuwa nikimjazia gunia, aliinama kwenye bakuli la dume, akaokota mbegu, akaziangalia.

"Dada, hii dume nakula pamba?"

"Kila siku."

"Tangu lini?"

Nilipomwambia, akazirudisha zile mbegu bakulini. Mjomba alikuwa mlangoni akijifanya anatunga tasbihi iliyokatika.

"Mzee, samahani," Alanyo akasema. "Baba yangu alifanya kazi kwa kiwanda ya pamba, kule Lira. Mbuzi dume yake iliingia kwa stoo, ikakula pamba miezi mingi. Ikanona sana. Lakini mwaka ile hakuna mbuzi ilizaa. Kazi alikuwa anafanya, lakini mbegu yake ilikuwa imelala."

"Sisi tumelisha pamba miaka arobaini," Mjomba akajibu bila kuinua macho.

"Na hizo dume zilizaa ngapi, mzee?"

Swali hilo nililifurahia, naomba Mungu anisamehe. Miaka arobaini hakuna dume wetu aliyeishi baada ya Idi. Wote walikwenda kisuni wakiwa wanono, na hapakuwa na jike wa kuulizwa kama wanafaa kwa jambo jingine. Mjomba akaingia ndani. Kupitia dirishani nilimsikia akiambia ukuta kwamba sasa wake za askari wanamfundisha mambo ya kondoo.

Alanyo alinieleza yaliyobaki. Baba yake alimwondolea mbuzi yule pamba kabisa, akampa majani ya viazi vitamu, mashudu ya simsim, yaani ufuta, yaliyobaki baada ya kukamua mafuta, na mbegu za maboga zilizotwangwa. Tena alimtembeza, asilale tu akinenepa. Miezi mitatu hivi, mbuzi akarudi sawa. Akanifundisha na jinsi ya kujua: mpake dume kifuani udongo mwekundu wa kichuguu uliokorogwa na oili chafu ya gari. Kila jike atakayepandwa atabaki na wekundu mgongoni. Mwoshe, usubiri. Asiposhika mimba, baada ya siku kumi na saba hivi atamtaka dume tena, na wekundu utarudi.

Asubuhi iliyofuata nilimwaga mbegu za pamba bwawani, gunia zima. Mjomba aliliona gunia tupu. Alilitazama, akanitazama, akachukua fimbo yake akaenda msikitini. Hakunigombeza. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa ruhusa.

Simsim ilitoka kwa Alanyo, nduguze walipomletea. Mashina ya viazi niliyaomba kwa wauza mboga kabla hawajayatupa. Dume alisusa siku mbili, kisha akala. Mwezi wa tisa migongo yote ilikuwa myekundu, nikaiosha, ikawa myekundu tena. Mwezi wa kumi vilevile. Dume alikonda kidogo, wapita njia wakaacha kusimama, na Sadiq alipita mara mbili kuwatazama majike wake. Nilikata tamaa nikaificha. Lakini niligundua kwamba mtu fulani alikuwa akimtembeza dume alfajiri kabla sijaamka, maana nilimkuta na umande miguuni, na viatu vya Mjomba vimelowa mlangoni.

Mwezi wa kumi na moja niliosha migongo, nikahesabu siku. Kumi na saba zikapita. Ishirini. Ishirini na tano. Wekundu ulirudi kwa jike mmoja tu, mkongwe kuliko wote. Saba walibaki safi, na dume alipowasogelea walimkwepa wakaendelea kula.

Mjomba aliwazunguka wote, mmoja mmoja, akiwapapasa. Kisha akavaa kofia, akapitia pengo la ua hadi kwa Alanyo. Okeny alikuwepo, akaharakisha kumpa kiti. Mjomba hakukaa.

"Mama Otema," akamwambia Alanyo, akimwita kwa jina la mwanawe, "ulisema kweli, na mimi nilikataa kusikia. Na salamu zenu sikuwa nikiitikia. Nilikosea mara mbili."

"Yaishe, mzee," Alanyo akasema. "Keti kwanza, chai iko."

Akaketi. Sadiq aliambiwa majike hawauzwi.

Mwezi wa nne mvua zikiwa zimeanza, jike wa kwanza alizaa asubuhi, mwanakondoo jike, mweusi. Nilikuwa nimepiga magoti nikimpangusa kwa majani makavu, na Mjomba amesimama nyuma yangu na beseni la maji. Mama akageuka, akaanza kumlamba mwanawe.

"Kulthum," Mjomba akasema.

"Naam, Mjomba."

"Siku ile barazani. Yule mumeo hakuna aliyemuuliza kitu. Nami nilikuwepo, na nilikuwa mkubwa wako. Nilipaswa kuuliza."

Nililia, na sikuona haya kulia mbele yake. Miaka miwili nilikuwa nikilibeba jambo hilo peke yangu, nikidhani nitazeeka nalo. Mjomba akaweka beseni chini, akapiga magoti kando yangu kwenye matope na kanzu yake nyeupe, tukamsubiri mwanakondoo asimame.