Jina la Ubatizo la Mheshimiwa

Kanisani kwetu, karibu na ufuko wa Dunga kando ya ziwa, maombi ya waumini huongozwa kwa zamu, na zamu yangu ni Jumapili ya mwisho wa mwezi. Utaratibu unajulikana. Unaanza na wagonjwa, unakuja kwa wafiwa, wanafunzi, wavuvi walio majini, mvua, halafu unamaliza na viongozi wa serikali. Baada ya kila ombi watu huitikia, "Bwana, utusikie." Ni kazi ambayo mtoto wa shule ya Jumapili angeweza kuifanya huku anatafuna mandazi.

Jumapili moja nilifika kwenye mvua, nikasema Amina, nikarudi kuketi.

Baada ya ibada, dani mmoja alinishika mkono mlangoni. Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na huyu ni nyanya wa kanisa zima. Kiti chake ni cha mbele, na mchungaji akikosea mstari wa Biblia yeye hukohoa.

"Mama, leo umeruka serikali."

"Sikuruka, dani. Imekataa kutoka mdomoni."

"Lakini hiyo ni kitu iko kwa maombi."

"Najua."

"Ukianza kuruka serikali, kesho utaruka wagonjwa," akasema, akaondoka polepole kwa sababu magoti yake yanamsumbua. Na alikuwa na haki ya kuuliza.

Sababu ya yote hayo ni jiwe. Mimi huuza samaki ufukweni. Wakati wa kampeni mheshimiwa wetu alikuja akakuta wanawake tunapara samaki wetu wa ngege chini ya nailoni iliyotoboka, mvua inatunyeshea mgongoni. Alisikitika sana. Alisikitika kwa kipaza sauti. Akasema tutajengewa banda la kisasa, lenye paa, meza za saruji, mifereji na chumba cha barafu. Na ili tusiseme ni maneno matupu, alirudi baada ya kushinda akaweka jiwe la msingi. Lilikuwa na pazia dogo la rangi ya bendera. Alivuta kamba, pazia likafunguka, tukapiga vigelegele, mimi nikiwa mstari wa mbele. Waswahili husema ahadi ni deni. Huku kwetu ahadi ni jiwe.

Pazia liliibwa wiki hiyohiyo. Jiwe halikuibika. Lilikaa pale katikati ya nyasi bila banda, urefu wake unafika kiunoni, juu limelala bapa kidogo. Mvua ya masika ikaja, meza zetu za mbao zikaoza, na siku moja mwenzetu mmoja akaweka ngege wake juu ya jiwe akaanza kupara. Tuliangaliana. Lilikuwa meza nzuri kweli. Tangu hapo tukapanga foleni. Hilo ndilo jengo la kisasa tulilopata, na nikiri kwamba halijawahi kuvuja.

Wengine waliishia kucheka. Mimi nilishindwa. Rafiki yangu wa soko la Kondele, mama aliyetoka huko Mlima Kenya akaja kuuza viazi, aliniambia, "Nyinyi mko na bahati. Wenu alileta jiwe. Wetu hata kokoto hatujaona." Alidhani ananifariji. Nilirudi nyumbani nikabishana na redio mpaka jirani akagonga ukuta.

Ningeweza kuvumilia mvua. Nimenyeshewa tangu nizaliwe. Kilichoniumiza ni kitu kingine. Tangu mume wangu afariki, alfajiri kabla ya kushuka ufukweni huwa naketi ukingoni mwa kitanda, upande wake, nasema sala zangu. Muda huo si mrefu, lakini ndio wangu peke yangu. Hakuna anayeniuliza bei. Pale ndipo nilipomlilia mume wangu mpaka nikaacha kulia, na pale ndipo nilipoanza tena kupenda kuamka. Sasa mheshimiwa akaingia hata humo. Nikianza Baba Yetu, kabla sijafika kwenye mkate wa kila siku, nimeshafika kwake. Namshtaki. Namletea Mungu mashahidi. Ninaposhtuka, maji ya chai yamekauka jikoni na sala imegeuka kesi. Banda naweza kuishi bila hilo. Sala siwezi.

Nilimwendea mchungaji nikamweleza. Ni kijana, ana watoto mapacha, husikiliza huku anasinzia, lakini husikiliza.

"Unamwombea ukimwita nani?" akauliza.

"Mheshimiwa. Ningemwita nani?"

"Hapo ndipo shida iko. Nyasaye, Mungu wetu, hajui mheshimiwa. Anajua mtu alibatizwa. Mwombee kwa jina lake ya ubatizo, mama, kama vile unaombea mtoto wa jirani."

Lilikuwa shauri zuri, ila hakuna aliyejua jina lenyewe. Ziwa zima linamjua kwa jina la utani alilopewa kwenye kampeni. Kwenye mabango jina la ubatizo ni herufi moja na nukta. Nilimuuliza mwenyekiti wa ufuko, aliyemfanyia kampeni usiku na mchana. Akafikiri sana, akasema, "Kwani ako na lingine?"

Basi niliendelea na kesi yangu kila alfajiri, mpaka ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mwenyekiti akaja mbio ufukweni. Mheshimiwa angekuja kesho kusali na sisi, na baada ya ibada huenda angepita kuangalia mradi wake.

"Mradi gani?" tukauliza.

Akaonyesha jiwe. Juu yake palikuwa na samaki mkubwa wa mbuta, mzima, kichwa kimening'inia.

"Mama zangu, tafadhali. Hiyo jiwe muioshe."

Kura ikaniangukia mimi, kwa maana wenzangu wote walikumbuka wana kazi. Nikachota maji ya ziwa, nikatafuta brashi na sabuni ya kipande. Magamba yalikuwa yameshikana na maandishi kama ukoko wa ugali na sufuria. Niliyachokoa kwa mwiba wa samaki, herufi moja moja, huku nikinung'unika. Likatokea neno jiwe, likatokea neno hili, likatokea neno liliwekwa. Kisha likatokea jina lake, refu, kamili. Fundi aliyelichonga hakuwa mtu wa siasa. Aliandika kila kitu.

Nilikaa chini kwenye nyasi nikalitazama. Ni jina la kawaida tu. Shule yetu ya Jumapili ina watoto watatu wenye jina hilo, na mmoja wao hulala ibada nzima. Nilikuwa nimepara samaki juu ya jina hilo misimu yote hiyo bila kulisoma hata mara moja.

Jumapili mheshimiwa alifika wakati wa wimbo wa pili, ikabidi tuuanze upya. Aliketi mbele kwenye kochi lililoazimwa nyumbani kwa mwenyekiti, wapambe wake nyuma yake, simu zao zikiwaka. Mchungaji alinitazama. Dani alinitazama zaidi. Nikasimama.

Niliomba kwa ajili ya wagonjwa, wafiwa, wanafunzi, wavuvi. Niliomba mvua, ingawa ilikuwa inanyesha. Halafu ikafika zamu ya serikali. Mpambe mmoja alitengeneza tai yake, akijua linalofuata. Nikalitaja jina lile la ubatizo, peke yake, bila cheo mbele wala jina la utani nyuma.

"Bwana, tunamwombea mtoto wako huyu. Umpe usingizi. Umpe hata mtu mmoja wa kumwambia ukweli. Umkumbushe alichosema mbele ya wanawake kwenye mvua. Na mimi ninayemwombea, niondolee hasira hii, kwa sababu nimechoka nayo na imekula sala zangu."

"Bwana, utusikie," kanisa likaitikia, kwa huruma kubwa, maana walidhani ni mgonjwa.

Nyuma yangu nikamsikia dani akimnong'oneza jirani yake, na mnong'ono wa dani husikika mpaka barabarani: "Huyo ni mtoto wa nani? Anaugua nini?"

Wapambe walikasirika. Walikuwa wakingoja cheo, na cheo hakikuja. Lakini mheshimiwa mwenyewe alikuwa ameinua kichwa ghafla, kama mtu aliyeitwa kula akiwa bado anacheza. Alinitazama na mimi nikamtazama. Nilikuwa nimejiandaa kuona mwizi wa banda. Niliona mwanamume mnene, mwenye mifuko chini ya macho, aliyevaa soksi zisizofanana. Hasira niliitafuta, nikaikuta imepungua kama maji ya ndoo yenye tundu. Nilishangaa, na nusura nimkasirikie kwa hilo pia.

Baadaye alipewa kipaza sauti, akaahidi banda. Safari hii lina hata choo. Tulipiga makofi, kwa adabu.

Nje, wapambe wakiwa wanafungua miavuli, alinijia.

"Mama, hilo jina ulitoa wapi? Mtu alikuwa ananiita hivyo ni mama yangu peke yake, na alishaenda."

"Liko kwa jiwe, mwanangu."

Neno hilo mwanangu lilinitoka tu, kama linavyomtoka mtu wa rika langu. Nikadhani machozi yanamlenga, lakini mvua ilikuwa kubwa, siwezi kuapa.

"Na banda?" nikamuuliza.

"Linakuja, mama."

Akaingia kwenye gari. Kuangalia mradi hakupita, barabara ilikuwa na matope.

Kesho yake alfajiri niliketi ukingoni mwa kitanda. Nikaanza Baba Yetu. Nikafika kwenye mkate wa kila siku, nikamngoja aje kama kawaida yake. Hakuja. Nikapita. Nikafika kwenye kusamehe, na hapo nikamkuta, amesimama peke yake na soksi zake. Nikamtaja kwa jina lake, nikaendelea mpaka Amina, na maji ya chai nikayakuta yanachemka.

Kisha nikabeba beseni nikashuka ufukweni. Jiwe lilikuwa bado safi, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kwenye foleni.