Mashavu ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kike alipoanza kujaa mashavu, majirani zetu katika kambi ya polisi pale Kibuli walimpongeza mama. Mimi niliyekuwa nikimwogesha sikufurahi. Nilipomshika mguu, kidole changu kiliacha shimo, na shimo lile halikujaa upesi. Nywele zake zilikuwa zinageuka rangi ya kutu. Michezo alikuwa ameiacha. Alikaa pale alipowekwa, akitutazama tu.

Baba, askari polisi, alikuwa amehamishiwa kaskazini na hatukujua habari zake. Maduka yalibaki rafu tupu tangu wenye maduka, Wahindi, wafukuzwe nchini na serikali ya kijeshi. Maziwa yalipatikana kwa magendo, kwa wenye uwezo. Sisi tuliishi kwa muhogo.

Hospitalini, muuguzi alimpima mtoto, akamgeukia mama.

"Anakula nini?"

"Uji wa muhogo, sista. Anashiba vizuri."

"Huyu hakunenepa, amevimba. Tumbo linajaa, lakini mwili una njaa. Mtafutie maharage, karanga, dagaa. Upesi."

Mama alimfunga mtoto mgongoni. Njiani alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma.

Kesho yake tulikwenda Port Bell, bandari ya ziwani, kwa miguu. Huko mama alitoa kitenge chake kipya, akapewa kifurushi cha dagaa. Tukirudi, mwanajeshi akatusimamisha kwenye kizuizi.

"Wewe mama, nabeba nini?"

"Dawa ya mtoto, afande."

Akafungua, akanusa. "Hii dawa ama samaki?"

Mama alimshusha mtoto mgongoni, akamwonyesha ile miguu. Mwanajeshi aliitazama, akachota konzi moja ya dagaa, akatia mfukoni.

"Pita."

Mama alizitwanga dagaa, akawa anazitia katika uji. Uvimbe ulipopungua, mtoto alibaki mifupa na ngozi, na mama akapiga kelele kwamba anamfia mikononi. Tulikimbia tena kwa muuguzi.

"Ni maji yanatoka," akasema. "Usiache kumlisha."

Tukamlisha kijiko kwa kijiko, kila mara tukinyamaza kumsikiliza akipumua.

Asubuhi moja nilikawia kupoza uji. Mtoto akapiga bakuli kwa kiganja, akaanza kulia kwa hasira, mara ya kwanza tangu augue. Mama alikuja mbio kutoka uani.

"Ana nini?"

"Anataka chakula."

Mama akakaa chini palepale mlangoni. Mdogo wangu alichelewa sana kutembea, na mpaka leo, sote tukiwa watu wazima, ananifika begani tu.