Mzee Tena wa Maabara

Habari za kifo cha Mzee Tena zilimkuta mpimaji akiwa kazini, glavu mkononi, foleni ya wagonjwa imefika ngazini. Alimaliza kumtoa damu mama aliyeketi mbele yake, akambandika pamba, akamwambia, "Pole, mama, tumemaliza." Kisha akaingia stoo, akakaa juu ya boksi, akalia hadi pua ikaziba.

Tena halikuwa jina la kuzaliwa. Miaka kumi na tisa nyuma, mpimaji alipoanza kazi, mkuu wa maabara alikuwa mzee huyo mfupi, mwenye koti jeupe lililonyooka kwa pasi hadi ungedhani lingesimama lenyewe. Ukimpelekea majibu, alikujibu neno moja: "Tena." Unarudi kwenye hadubini huku umenuna. Mashine mpya ya kupimia ilipoletwa, wote wakashangilia isipokuwa yeye. "Hii ni kama mkwe," alisema. "Mheshimu, lakini usimwachie funguo za ghala."

Hakupenda kusikia "sampuli namba saba". "Damu ina mwenyewe," angekukatiza. "Namba saba ni nani?"

Mwaka wake wa kwanza, katika haraka za kuwahi nyumbani, mpimaji alichanganya majibu ya wanawake wawili wenye majina yanayofanana. Asiye na kisukari akaambiwa anacho. Mwenye nacho akaambiwa yu mzima, akaanza kufunga nguo zake. Mzee aliporudia vipimo, kama desturi yake, namba zikakataa. Akavua miwani.

"Twende wodini, mwanangu."

Mpimaji alimfuata, akijua leo ndiyo leo. Mzee akamwita daktari wa zamu, wakasimama mbele ya vitanda vile viwili.

"Mama zangu, maabara tumekosea," mzee alisema. "Majibu tuliyowapa yamepishana. Mnisamehe."

Mmoja alicheka kwa nafuu, akamshukuru Mungu. Wa pili, ambaye mkoba wake ulikuwa tayari begani, alimtukana mzee matusi ya nguoni, wodi nzima ikisikia. Mzee alisimama, mikono nyuma, akayapokea yote. Yalipokwisha akamvutia mama yule kiti, akakaa naye mpaka dawa ikaletwa.

Walipotoka, mpimaji alishindwa kuvumilia. "Kwa nini hukusema ni mimi?"

"Unajua wewe, najua mimi. Wa tatu wa nini?" Akatembea hatua chache. "Lakini kosa lenyewe lazima lisemwe. Ukilifunika linaota."

Siku ya mazishi, mpimaji alimkuta mjane jikoni, akiosha vikombe ingawa watu walimkataza. Akashika kitambaa, akawa anafuta.

"Huko kazini alikuwa anawasumbua?" mjane aliuliza.

"Sana, mama."

"Hapa je? Chumvi anaonja mara mbili, mchuzi unapoa. Mlango anafunga, anarudi kuusukuma. Nilikuwa namwambia, baba, huyo mwizi atachoka kukusubiri!"

Walicheka, kisha mpimaji akamsimulia ya wodini. Mjane akaacha kuosha.

"Hakukwambia ya kwake?"

"Yapi?"

"Alipokuwa kijana, alimwandikia mtu majibu yasiyo yake. Akagundua kesho yake, akaogopa kufukuzwa, akanyamaza. Alipopata ujasiri, yule mtu alishahama. Alimtafuta miaka na miaka, hata baada ya kustaafu. Hakumpata."

Mpimaji alibaki na kikombe mkononi. Siku zote alimdhania mzee wake kuwa mtu asiyejua kukosea, aliyezaliwa amenyooka kama koti lake. Kumbe unyoofu ule alijifunza kwa maumivu. Akatamani angempata walau kwa saa moja, si amuulize kitu, bali akae naye tu, wanyamaze pamoja.

Jumatatu aliwakusanya wenzake wa maabara, akawaeleza kosa lake la miaka kumi na tisa, walilokuwa hawalijui. Kesho yake mmoja wao akagonga mlango wake, akaomba aongee naye.

Na mjane? Mpimaji humtembelea kila Jumapili ya mwisho wa mwezi. Humzungumzia mzee, na mara nyingine huzozana. Mjane anashikilia kwamba mumewe hakuwa mfupi hata kidogo.